Mgeni Mwenye Biskuti

Same, 19 Januari 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Mama umwambie shikamoo, tena yake iwe kubwa kwa sababu ya makande aliyotufungia. Tuliyala njia nzima, na Maua akasinzia na kijiko mkononi kabla basi halijamaliza kuteremka mlima.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu unazozijua. Juzi nilikuambia, "Tumefika salama," ukanijibu, "Salama yupi? Mbona simjui?" Nikaona masikio yako na mtandao wa Bombo wameungana kunishinda. Barua hii nampa Vitus, kondakta wa basi letu. Ukijibu mpe yeye.

Maua ameanza shule. Kitengo chao cha mahitaji maalumu kiko nyuma ya madarasa ya watoto wengine, kina mti mmoja uani. Siku ya kwanza aliziba masikio akauzunguka ule mti mpaka kengele ya kutoka. Nilikuwa nimeshajiandaa kuambiwa nirudi naye nyumbani. Lakini mwalimu wake, kijana mmoja mrefu wa Singida anayeitwa Rodrick, akacheka tu. "Mama Maua," akasema, "leo ameujua mti. Kesho atatujua sisi."

Sisi tulizoea kusema Maua ni mtoto asiyependa maneno. Huku wanasema ana usonji, na kwamba dunia inamwingia masikioni na machoni kwa nguvu kuliko inavyotuingia sisi. Nimekuwa mama yake miaka kumi na hakuna aliyewahi kuniambia jambo hilo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekuambia mtoto wako anatumia mkono wa kushoto.

Mwalimu alituuliza wazazi, kila mmoja anaogopa nini zaidi. Mimi nikasema maji. Nikamweleza anavyofuata sauti ya maji popote ilipo, na jinsi ulivyomtoa kwenye ndiva ukiwa na viatu vyako vya kanisani. Akauliza ndiva ni nini, nikamwambia ni bwawa la kijiji tunalokusanyia maji ya mifereji. Akasema watoto watafundishwa kule kule kwenye hatari, waanze na barabara, soko na mashine ya kusaga, maji yatafuata. Nikamwambia mimi mtoto wangu namfungia ndani nikiwa na kazi. Akanijibu, "Ndani atakuwa salama mpaka siku mtu atakayosahau kufunga mlango."

Sikulala vizuri, Baba. Unaonaje?

Binti yako,
Irine


Bombo, 27 Januari 2025

Mwanangu Irine,

Marahaba. Sisi wazima, ng'ombe mzima, bega langu ndilo linalojifanya mgonjwa.

Barua yako nimeisoma mara ya pili kwa sauti ili mama yako asikie. Nilipofika pale pa barabara akaacha kuchambua maharage. Umeniuliza naonaje. Naona vibaya.

Mimi nimekuwa mwinjilisti, nimefundisha kipaimara tangu wewe hujazaliwa. Niliwafundisha watoto dhambi ni nini wakiwa wamekaa kwenye benchi. Sikuwapeleka kilabuni wakaione. Sasa huyo kijana wako anataka kumfundisha mtoto hatari za magari kwa kumpeleka yaliko magari. Je, ana watoto wake? Nauliza tu.

Huku kila mtu anamjua Maua. Akipotea, mtu anamrudisha. Huko Same malori ya kwenda Arusha yanapita kama yamefukuzwa, na watu wametoka pembe zote za nchi, hawajui huyu ni wa nani.

Usharikani wanamwombea. Mchungaji alimtaja Jumapili kwa jina. Wanaponiuliza atapona lini nawajibu kwamba Mungu anajua.

Mama yako ametuma ndizi na viazi. Ndizi zile fupi ni za Maua, usizile.

Baba yako,
Zefania


Same, 2 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Ndizi fupi sikula. Nilionja.

Nimekaa kimya kwa sababu ya cherehani, sare za shule zimenilemea. Lakini nina habari nzuri.

Mwalimu Rodrick hakuwapeleka watoto barabarani siku ya kwanza. Alichora kivuko uani kwa chokaa, kile cha mistari kama pundamilia, halafu wazazi tukafanywa magari. Mimi nilikuwa lori. Watoto walijifunza kusimama ukingoni, kuangalia huku, kuangalia kule, kumwangalia dereva usoni. Maua alikuwa anakanyaga mistari myeupe peke yake, myeusi anairuka, na kila mara akifika upande wa pili anajipigia makofi.

Siku walipokwenda barabara kuu yenyewe nilitembea nyuma yao nikiwa nimeshika moyo wangu. Maua alivuka vizuri mpaka katikati, kijana mmoja wa bodaboda akaona lori linakuja mbali, akapiga kelele, "We mtoto, simama!" Na Maua amefundishwa simama ni kusimama. Akasimama. Pale pale, katikati ya lami! Mwalimu alikuwa hatua moja nyuma yake, akamshika bega wakamalizia. Dereva wa lori alikuwa ameshapunguza mwendo.

Nilidhani mwalimu atamfokea yule kijana. Hapana, alikwenda kijiweni kwao kesho yake, akakaa nao. "Ndugu zangu, mtoto wangu aliwatii," akawaambia. "Mngesema vuka, angevuka." Sasa wale vijana wenyewe wanasimamisha pikipiki zao watoto wakifika kivukoni, na ole wake atakayepiga honi.

La pili: Maua ana kadi shingoni yenye picha ya mlango. Kelele zikimzidi anaionyesha kwa mtu aliye karibu, na huyo mtu anatoka naye mahali patulivu. Zamani angekimbia tu. Juzi mashineni, kinu kilipoanza kunguruma, aliionyesha kadi na akasema kwa mdomo wake, "Naomba kutoka." Maneno mawili, Baba! Mwenye mashine, mzee wa watu, alivua kofia akamsindikiza nje kama anamsindikiza mkuu wa wilaya.

Sokoni pia tumekwenda, tukarudi salama.

Binti yako,
Irine


Bombo, 9 Machi 2025

Irine,

Vitus ameniletea barua yako, nikampa kiti na uji. Nikamwambia, "Binti yangu anasema sokoni walikwenda wakarudi salama." Akasema, "Ndiyo, Mzee, tunamshukuru Mungu alipatikana."

Alipatikana.

Nimemfanya arudie mara tatu akidhani sijasikia. Nilisikia. Kwamba mjukuu wangu alipotea sokoni alasiri nzima, kwamba soko zima lilimtafuta, kwamba alikutwa nyuma ya vibanda amechuchumaa kwenye bomba lililopasuka. Wewe umeniandikia kurasa mbili za pundamilia.

Jumatano nashuka. Mfungie nguo zake.

Zefania


Same, 23 Machi 2025

Mama Irine,

Salaam nyingi. Ningekupigia simu, lakini mimi sisikii na wewe simu huichaji.

Najua ulinitegemea nirudi na mtoto siku ile ya pili. Bega limeniuma kwa safari, na daktari wa hapa, yaani muuza dawa, amenishauri nipumzike kwanza kabla ya kupanda mlima. Mtoto hajambo. Ameongezeka mwili.

Nimekwenda shuleni kumwona huyo Rodrick ili nimwambie ukweli wake. Nilikuwa nimeuandaa njiani, wenye vichwa vitatu kama mahubiri. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza kama namfahamu mtoto yeyote pale zaidi ya Maua. Nikasema hapana. Akasema, "Basi, Mzee, wewe ndiye niliyekuwa namtafuta."

Kumbe ana somo juu ya watu wasiojulikana, na anahitaji mtu ambaye watoto hawamjui, mwenye sura ya kuaminika, aje na biskuti na kuwaambia twende. Walimu wote wanajulikana. Nikamwambia mimi ni mwinjilisti mstaafu, siwezi kufanywa mwizi wa watoto. Akasema sura ya mwinjilisti ndiyo hasa anayoitaka.

Siku ya kwanza walinifuata wote, Mama Irine. Wote! Niliwapa biskuti nikatoka nao getini kama kuku na vifaranga vyake, na wa mwisho ndiye Maua wetu, ambaye angalau ana sababu. Nilipogeuka kuwaona wamepangana nyuma yangu, wamenishika koti, wanatabasamu, ilibidi nikae kwenye jiwe lililokuwa karibu. Nilifikiri, kama mzee mwingine angetangulia kabla yangu?

Basi nimeona nikae kidogo. Wanafundishwa kuinua mkono hivi, kusema "Hapana," na kwenda kwa mtu wanayemjua. Kuna mmoja hasemi kabisa, ana filimbi shingoni. Amenipulizia usoni juzi mpaka mimi nikasikia.

Tumehamishia somo sokoni. Watu wa soko wamenipokea kwa mikono miwili.

Mume wako,
Zefania


Same, 23 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Barua hii inakuja na basi moja na ya Baba. Soma yake kwanza, halafu yangu.

Kwanza nisamehe kuhusu soko. Niliogopa kwamba Baba atamchukua, na kwa kuficha nikamfanya aje. Siku ile niliinama kuokota kitenge kilichoanguka, nikiinuka Maua hayupo. Sitaki kuisimulia. Ninachotaka ujue ni kwamba kabla ya siku ile nilikuwa namruhusu mwalimu tu. Baada yake nilimsihi.

Sasa kuhusu hiyo mikono miwili.

Mwalimu Rodrick alikuwa ameshazunguka soko lote, akawaonyesha wauzaji watoto wake mmoja mmoja, akawaambia, "Mkimwona mmoja wao anaondoka na mtu, ulizeni." Ila alisahau kuwaambia habari za Baba. Jumanne Baba akaingia sokoni na paketi yake ya biskuti na koti lile jeusi, akamfuata mtoto mmoja, Elibariki, aliyekuwa amesimama kwenye mafungu ya nyanya. Elibariki akainua mkono. "Hapana!" Vizuri kabisa. Baba akafurahi mno, akamshika mkono kumpongeza.

Mama muuza dagaa, Asteria, mwanamke wa kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu, mwili kama mlango wa kanisa, akaruka meza.

"We mzee! Unampeleka wapi mtoto?"

Baba hakusikia. Akatabasamu.

"Nakuuliza, mtoto ni wa nani?"

"Bwana asifiwe," Baba akamjibu.

Mama, walimshika. Huyu mkono, yule mkono, akaingizwa kwenye kibanda cha dagaa, mlango ukafungwa, Asteria akaukalia. Mwalimu alipofika anakimbia alimkuta Baba ndani amekaa kwenye gunia, biskuti mapajani, anaimba tenzi ili kujipa moyo. Baba alipoelezwa kilichotokea nilidhani atakasirika. Alisimama, akajipangusa magamba, akamwangalia Asteria.

"Mwanangu, wewe huyu mtoto unamjua?"

"Simjui, Mzee. Nimeonyeshwa tu wiki iliyopita."

"Na ukaniruka meza kwa ajili yake?"

"Ningeruka mbili."

Baba akavua kofia. Amekuwa akinunua dagaa kwake kila siku, hatuna pa kuziweka. Nguo za Maua nilizozifunga ameniambia nizifungue.

Binti yako,
Irine


Bombo, 30 Machi 2025

Baba Irine na Irine,

Nimesoma barua zote mbili. Nimecheka mpaka jirani akaja kuuliza. Baba Irine, bega ulipumzishie kwenye gunia la dagaa.

Sasa sikilizeni. Mimi siandiki maneno mengi.

Ndiva imetengenezwa upya, imechimbwa chini zaidi, kingo zake ni za saruji na zinateleza. Eliezeri aliyewekwa kuilinda anafunga na kufungua maji tu, uzio hakuna.

Na jambo lingine. Watu wanasema Maua amepona. Sikuwaambia mimi. Vitus alisema mtoto sasa anaongea na anavuka barabara, wao wakamalizia wenyewe. Wamepanga ibada ya shukrani akija likizo ya Juni. Wamewaalika wapiga tarumbeta. Nilipojaribu kueleza wakasema nisizuie sifa za Mungu.

Baba Irine, rudi uyamalize haya.

Dorkas


Same, 4 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Uliposhuka kumchukua Maua mkaondoka, nilisimama stendi mpaka basi likapotea, halafu nikarudi kushona nikashona mkono wa shati mahali pa shingo. Mwenye duka ananisubiri na sare, siwezi kupanda kabla ya mwisho wa mwezi.

Najua umezunguka kijiji chote tangu Pasaka ukifanya kama Mwalimu Rodrick alivyokuonyesha. Najua. Lakini kanisa litakuwa limejaa, kutakuwa na tarumbeta, na ndiva iko chini tu ya kanisa. Huku Maua ana kivuko chake na vijana wake wa bodaboda na Asteria. Huko ana watu wanaodhani amepona, na mtu aliyepona haangaliwi.

Ukiweza, iahirishe hiyo ibada. Ukishindwa, mkae nyuma, karibu na mlango. Na Baba, usifumbe macho ukiimba.

Binti yako,
Irine


Bombo, 16 Juni 2025

Mwanangu Irine,

Maua mzima. Naanza na hilo ili usome mengine ukiwa umekaa vizuri.

Ibada sikuiahirisha. Nilifikiri hivi: siku ambayo kijiji chote kitakuwa kimekaa kimya kunisikiliza haitarudi tena mpaka siku ya kunizika, na siku hiyo sitaweza kusema.

Kabla ya hapo tulitembea, mimi na yeye. Dukani kwa Stumai, mashineni, kwa mchungaji. Ndivani tulikwenda kila asubuhi, kwa maana Rodrick alinionya: ukimficha maji atayatafuta peke yake. Eliezeri hakupenda. Unamjua alivyo mkali, maji ya kijiji ameyafanya kama ya kwake. "Mwinjilisti, hapa si mahali pa mtoto." Nikamwambia ndiyo sababu nimemleta. Tulimwomba atuwekee mstari wa mawe, na Maua akajifunza kwamba maji yanatazamwa kutoka nyuma ya mawe, na mtu mkubwa akiwepo. Siku za mwanzo nilimshika mkono. Baadaye akawa anasimama mwenyewe, anayumbayumba kwa raha, anasikiliza maji yakiingia. Eliezeri akawa anafungulia mlango wa maji pole pole ili wimbo uwe mrefu. Anakana, lakini nilimwona.

Jana basi. Kanisa lilijaa mpaka madirishani. Tulikaa nyuma kama ulivyosema. Mchungaji akaniita mbele, nikamwacha Maua na mama yake Vitus, nikapanda.

Nikasema, "Ndugu zangu, mmekuja kumshukuru Mungu kwa kuwa mjukuu wangu amepona. Hajapona, kwa sababu hakuwa mgonjwa. Ndivyo alivyo, na ndivyo atakavyokuwa mkimzika babu yake." Hata mimi nilisikia ule ukimya. Nikaendelea. Nikawaambia yale anayoyaweza sasa na yale asiyoyaweza. Nikawaambia wasimkamate ghafla, wasimpigie kelele, wakimwona njiani peke yake wasipite wakidhani yuko na mtu. Nikainua kadi yenye mlango waione wote. "Akikuonyesha hii, toka naye. Usimuulize kwa nini. Wewe mwenyewe unapotaka kutoka kwenye mahubiri yangu huwa sikuulizi."

Wakacheka. Mchungaji akasema tushukuru hivyo hivyo, na mimi nikarudi kukaa, moyo umenipoa, nimefurahi. Nilikuwa nimewaomba wapiga tarumbeta waanze chini chini. Wakaanza chini chini. Lakini yule kijana wa tarumbeta kubwa naye alifurahi.

Irine, nilifumba macho. Mstari mmoja tu.

Nilipoyafumbua kiti cha Maua kilikuwa kitupu, na mama yake Vitus alikuwa anaimba ameinua mikono yote miwili. Nikasimama. Sijui nilisema nini, ila mama yako anasema nililia kama ng'ombe. Mtu mmoja akatamka, "Ndiva!" na kanisa zima likatoka. Mchungaji na joho lake, kwaya, vijana na tarumbeta zao shingoni, wanawake wamevua viatu, wote wanateremka kwenye migomba. Mimi nilikuwa wa mwisho. Nilipofika walikuwa wamesimama kandokando ya maji. Maji yametulia kama kioo. Nikatia fimbo yangu. Nikaizungusha. Irine, sijawahi kuomba kwa maneno machache kama yale.

Ndipo mama yako akauliza, "Na Eliezeri yuko wapi?"

Tukatazamana. Eliezeri hakuwepo ndivani. Hakuwepo kati yetu.

Tukapanda tena, na tulipolizunguka kanisa upande wa nyuma tukawakuta. Wamekaa kwenye kibaraza cha chekechea, Eliezeri na Maua, wanamenya miwa. Ganda analimenya Eliezeri kwa kisu, Maua analipanga. Akatutazama tulivyokuwa, jasho, matope, joho la mchungaji limeshika miiba.

"Mnakimbia nini? Pameungua?"

Mchungaji akasema, "Mtoto! Tulikuwa tunamtafuta mtoto!"

"Mtoto aliomba ruhusa," akasema Eliezeri. Unajua huwa anachelewa na kukaa mlangoni. "Alinionyesha kadi, akasema naomba kutoka, tukatoka. Ninyi ndio mmetoka ibadani bila ruhusa."

Mama yako alicheka wa kwanza. Halafu mchungaji. Halafu watu walikuwa wamekaa chini kwenye majani wanafuta machozi, na kijana wa tarumbeta ananiomba msamaha, nami namwambia asikae karibu, maana na yeye Maua alikuwa ameshaanza kumwangalia na kadi mkononi.

Nilikaa kibarazani karibu yake. Akanipa kipande cha muwa. Hakunitazama, unajua hatazami, lakini aliegemeza mguu wake kwenye wangu, akauacha pale.

Shukrani tulimalizia nje, bila tarumbeta.

Baba yako,
Zefania


Bombo, 30 Juni 2025

Irine mwanangu,

Najua barua ya baba yako umeisoma umelia, maana na mimi nilipoisoma kabla ya kumpa Vitus nililia. Sasa nakuandikia kuhusu jambo ambalo yeye hajakuambia kwa sababu anasema si lake kulisema. Mwenye jambo lenyewe nimemwomba ruhusa, ameniruhusu.

Unamkumbuka Lukia, mjane wa kule juu, na mwanawe Anderson aliyekwenda Tanga kwa mjomba wake. Wote tulijua yuko Tanga. Tulimwuliza Lukia habari za Tanga, naye akatujibu nzuri.

Jumanne baada ya ibada alikuja asubuhi, ukungu bado haujaondoka. Alisimama mlangoni hataki kukaa. Akasema, "Mama Irine, ile kadi ya mlango, mtu anaweza kumtengenezea mtoto aliyekwisha kuwa mkubwa?"

Nikamwuliza mtoto yupi.

Akasema, "Hakwenda Tanga."

Nilimvuta nikamkalisha, nikaweka chai. Miaka yote ile kijiji kimoja na sisi! Anderson alikuwa chumba cha nyuma. Watu walimwambia kijana mkubwa asiyesema na anayejipiga kichwa atawaumiza wenzake, naye akaogopa wasije wakamwumiza wao. Baba yako aliingia katikati ya maneno. Nilidhani atahubiri. Aliuliza swali moja tu: "Anapenda nini?"

Lukia akafikiri. Nafikiri hakuna aliyewahi kumwuliza. "Kufagia," akasema. "Anafagia mpaka udongo unang'aa."

Basi baba yako akachukua ufagio wetu ule mrefu, akapanda nao. Siku ya kwanza walifagia chumba. Siku ya pili uani. Baba yako hamshiki, anatembea nyuma yake tu, akimwachia nafasi. Kijana anafagia njia mbele yake kipande kwa kipande, na popote alipofagia anakubali kukanyaga. Alhamisi walifika getini. Ijumaa mtu mmoja alisimama kuwashangaa, Eliezeri akampeleka akasaidie mifereji. Maua naye anawafuata nyuma kabisa, anatembea penye usafi tu, na kila wanapofika mahali papya anawapigia makofi.

Rodrick tumemwandikia. Amejibu kwamba Julai atapanda, na kwamba Asteria anataka kuja naye kumwona yule mwizi wake alivyo nyumbani kwake. Nimemwambia baba yako. Amekwenda kunyoa.

Lukia jana alikaa kanisani mbele. Hakuna aliyemwuliza habari za Tanga.

Naishia hapa, kwa maana hao wako mlangoni. Leo njia imefika mpaka barabarani, na baba yako amemwambia Anderson kwamba tumeishiwa chumvi, kwa hiyo wafagie mpaka dukani kwa Stumai waombe. Kijana amesimama na ufagio, amevaa shati la baba yako, anangoja.

Chumvi ipo, kopo limejaa. Nimelificha chini ya kitanda.

Mama yako,
Dorkas